Usimzike Baba Yako kwenye Karatasi

Mwanangu Riziki,

Kosa la wengi wanaoomba ruhusa ya kwenda kusoma nchi ya kigeni ni kudhani kwamba anayepokea dosie, yaani bahasha ya karatasi zao, anatafuta maisha yasiyo na kasoro. Basi wanayapiga pasi maisha yao kabla ya kuyatia kwenye bahasha. Ndugu asiyependeza anaachwa nje, mwaka uliopotea unazibwa, jambo refu la kueleza linakatwa liwe fupi. Tangu nilipoacha kufundisha nimewasaidia vijana kadhaa wa hapa Kasongo kupanga karatasi hizo, na karibu kila aliyekataliwa alinaswa palepale alipojirembesha. Mtu wa ubalozi hakujui. Hajawahi kuona kilima chenu wala kusikia kicheko chako. Ana njia moja ya kukuamini: kuona kama karatasi ya kwanza na ya mwisho zinaeleza habari za mtu yuleyule.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani tena. Barua nitampa dereva wa pikipiki anayepeleka mafuta ya mawese huko Lusangi, na bahasha sikuifunga. Nakala nyingine nitaiacha msikitini, na nyingine kwa padri, ili anayetaka aisome. Nyumba nyingi za mji huu zinalea mtoto wa ndugu, na jambo hili litazifikia leo au kesho. Kwa ajili yao nitaeleza hata yale unayoyajua. Unanifahamu, nikishika chaki siiweki chini mapema.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza uani, mke wangu Mama Asha akipepeta mchele kando yangu. Ulizungumza haraka, kama mtu anayesimamiwa. Ulisema: "Baba Mwalimu, iko mutu hapa anajua mambo ya dosie. Anasema shida yangu yote ni Baba Wamaza. Tuandike tu kama alishakufa. Mama alikufa, baba naye alikufa, wewe ukanilea. Hapo hakuna mutu atauliza tena. Wewe uende kwa eta sivili, utie saini kama shahidi. Ni karatasi tu, baba."

Ofisi ya eta sivili, kwa wasioijua, ndiyo inayoandika kuzaliwa, kuoa na kufa kwa watu. Na Baba Wamaza ni kaka yangu aliyekuzaa, naye yu hai kijijini Wamaza. Nilikuwa bado nimeshika simu wakati Mama Asha alipoweka ungo chini.

"Sasa tufanye nini?" akaniuliza. "Tuite watu wa matanga? Nani atatumwa Wamaza kumuambia shemeji kama alishakufa? Na majirani wakiuliza alikufa na ugonjwa gani, tuseme viza?"

Alisema hivyo kwa sauti ya mzaha, kisha akaingia ndani, na mchele ukabaki na kuku. Mimi nilikujibu kwamba nitafikiri. Nilipokupigia jioni, simu ilikuwa imezimwa, na imekuwa hivyo mpaka leo.

Nimefikiri, mwanangu. Hili ndilo jibu, nalo linaanzia mbali kidogo.

Ulifika kwetu huna meno mawili ya mbele. Kaka yangu Selemani, baba yako, ninayemwita yaya kwa kuwa ni mkubwa wangu, alikuleta kwa baiskeli kutoka Wamaza, wewe ukiwa nyuma juu ya gunia la mpunga, na kuku amening'inia kwenye usukani. Mama yako alikuwa amefariki katika mvua zilizotangulia. Wamaza wakati ule shule ilikuwa ikifungwa kila mara watu walipokimbilia msituni, na yaya aliona kwamba ukibaki naye utajifunza kukimbia kuliko kusoma.

Kwetu mtoto hakabidhiwi kwa maneno ya pembeni. Yaya aliomba waitwe majirani, akaomba sahani kubwa, akakuketisha kati ya Asha na Juma, watoto wangu. Mkono wako ukaingia kwenye wali pamoja na mikono yao. Yeye hakula. Alisimama akiwatazama mpaka sahani ikawa nyeupe, halafu akasema: "Watu, mumeona. Amekula na ndugu zake. Kuanzia leo ni mutoto wa hii nyumba. Mutu akimuita mutoto wa kuletwa, ajue ananitukana mimi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mudogo wangu, siku utasema 'huyu ni wa yaya', umenirudishia uso wangu, umenikataa."

Hiyo ndiyo desturi, na naiheshimu. Nimeona nyumba ambazo mtoto wa ndugu anakula wenzake wakishamaliza, analala jikoni, anachota maji wakati wengine wanasoma. Wazee walioitunga walitaka kumkinga mtoto asije akahesabiwa nusu. Lakini mtoto aliyepokelewa hivyo hasemwi alikotoka. Mwalimu mkuu alipokuandikisha aliweka jina langu mahali pa baba, kama alivyofanya kwa watoto wengine wote wa namna yako, wala hakuna aliyeona ajabu. Wewe mwenyewe ulitupatia majina yetu. Mimi nikawa Baba Mwalimu, yeye akawa Baba Wamaza. Ulikuwa na baba wawili kama mtu mwenye macho mawili, na hukuwahi kuulizwa lipi ndilo la kweli.

Kila likizo ulipanda kilima kwenda kwake. Nakumbuka mara moja ulirudi na makopo ya maziwa yaliyojaa udongo, ukayapanga dirishani kwangu juu ya vitabu. Kopo moja lilitoka shamba la juu la Baba Wamaza, jingine shamba la chini, jingine mahali alipoacha kulima. Ulipanda mpunga katika yote. Mama Asha alilalamika kwamba nyumba imekuwa bonde. Wewe ukanijia na swali: "Baba Wamaza anasema shamba ya chini imechoka. Udongo unachoka namna gani? Haiendi popote."

Nilikupa yote ambayo mwalimu wa jiografia anayajua juu ya udongo. Ilikuwa somo la asubuhi moja, na kabla ya adhana ya adhuhuri nilikuwa nimeishiwa. Uliniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa fundi aliyesahau vifaa nyumbani. Ukasema, "Basi nitaenda kuuliza mahali wanajua." Hilo nalihesabu kuwa ombi lako la kwanza la kwenda kusoma. Ulilitoa ukiwa na matope mpaka kwenye kiwiko.

Miaka ikapita, ukapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, ukapata nafasi katika chuo cha Ubelgiji kwa somo hilohilo la udongo wa mashamba, na msaada wa masomo juu yake. Nyumba nzima ilidhani kazi imekwisha. Kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Chuo kinasema unafaa kusoma. Ruhusa ya kuingia nchini mwao na kukaa huko kwa masomo inatolewa na watu wengine, nao wanauliza maswali yao wenyewe: wewe ni nani, wazazi wako ni nani, kwa nini somo hili, na ukimaliza utarudi kwa nini na kwa nani.

Swali la kwanza lilitupeleka Kabambare. Hukuwahi kuandikwa ulipozaliwa, na asiyeandikwa anahitaji hukumu ya mahakama isimame mahali pa cheti. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, tukivuka madaraja ya magogo kwa miguu huku madereva wakisukuma. Yaya alitungoja mlangoni mwa mahakama amevaa koti la harusi ya mtu mwingine, mikono ni mifupi kwake, viatu amevishika mkononi ili visichafuke. Ulipomwona ulikimbia.

Unakumbuka yule karani? Alimuuliza yaya, "Papa, wewe ni nani kwa huyu binti?"

"Mimi nilimuzaa," akajibu. "Huyu ndugu yangu alimulea. Andika sisi wote."

"Papa, hapa iko mustari mumoja tu."

"Basi ongeza."

"Haiongezwi, papa. Hii si gunia."

Watu waliokuwa wakingoja walicheka, na yaya naye akacheka, lakini hakutoka pale. Alinitazama kana kwamba amekamatwa akila mali yangu. Nikamwambia, "Yaya, taja jina lako. Wewe ndiwe uliyekuwepo alipozaliwa." Akalitaja polepole. Akataja na jina la mama yako, kijiji, kazi yake: mkulima. Karani akaandika, hakimu akasoma, muhuri ukagongwa. Tulipotoka, yaya alinivuta pembeni akaniambia kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, kwamba nimsamehe. Nilimjibu kwamba sijaona la kusamehe. Wewe ulikuwa ukinunua karanga, hukusikia, na ndiyo sababu nakuambia sasa. Alikuwa anaona aibu kuandikwa baba yako, kwa kuogopa kunivunja moyo mimi.

Karatasi ile ni ya kweli. Pasipoti yako ilitokana nayo. Ulipokwenda Kinshasa kuhojiwa kwenye ubalozi wa Ubelgiji ulikuwa nayo mkobani.

Uliporudi ulinisimulia mahojiano neno kwa neno, kwa kuwa nilikuomba hivyo. Mama aliyekuhoji alikuwa mpole. Alikuuliza baba yako anafanya kazi gani, ukasema ni mwalimu mstaafu, ukataja jina langu. Akageuza karatasi. "Hapa naona jina lingine, na naona ni mkulima." Ukasema, "Huyo pia ni baba yangu." Akauliza anaishi wapi. Ukasema hujui vizuri.

Hujui vizuri. Wewe ambaye unajua mpaka mahali anapoficha kiberiti.

Halafu akauliza swali ambalo lingekuwa jepesi kuliko yote: kwa nini binti wa mwalimu wa mjini achague udongo wa mashamba ya mpunga? Ukamjibu sentensi uliyoikuta kwenye simu ya rafiki yako, kwamba tangu utotoni umependa sayansi. Mama yule akaandika, akakushukuru.

Jibu lilipofika lilisema hawakuridhika na maelezo yako juu ya familia wala juu ya sababu ya masomo. Tulilisoma mezani, mara nyingi, kama vile karatasi hubadilika ikisomwa tena. Sikuona uonevu ndani yake. Kama ningekuwa mimi nimekaa kwenye kiti kile, nisiyejua sahani ya wali ya siku ile wala desturi yetu, nami ningejiuliza: binti huyu anaficha nani?

Nataka uone vizuri kilichotokea, kwa maana mtu wa Lusangi amekueleza vibaya. Yeye anasema shida ni kwamba una baba wawili. Shida ilikuwa kwamba ulimwondoa mmoja, na alipoondoka aliondoka na jibu lako. Makopo yale ya udongo ni ya nani? Shamba lililochoka ni la nani? Ukimaliza masomo, unarudi kutazama mashamba ya nani? Kila swali la mama yule lilikuwa na mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo amekaa Selemani wa Wamaza na jembe lake. Wewe uliufunga kwa heshima yangu.

Ndiyo maana siku ile nilikuambia tuanze upya na tuandike mambo kama yalivyo: baba ni Selemani, mkulima; mimi ni ndugu yake, niliyekaa nawe kwa ajili ya shule. Chuo kilikuwa kimesema kitakutunzia nafasi. Nilidhani nimekuletea habari njema. Ulisimama, na sauti yako ikawa ya mtu nisiyemjua.

"Nikuandike onkoli, ndugu ya baba tu? Leo unanikana?"

"Riziki, hakuna anayekukana."

"Baba Wamaza alisema mutu akifanya hivi amemutukana. Wewe ndiwe unafanya."

Juma akajaribu kutuliza mambo kwa utani wake. "Kama hamuwataki wote wawili, mimi niko hapa, muniandike mimi baba." Ulikunja nguo zako, ukamwambia Mama Asha kwamba unakwenda Lusangi kwa rafiki yako wa shule, yule anayechaji simu za wachimba dhahabu, upate kazi ya mkono wakati unafikiri. Alikufuata mpaka barabarani na ndoo yenye chakula. Mimi nilibaki ndani. Niliona kwamba nikikufuata ningekushinda kwa maneno, na mtoto aliyeshindwa kwa maneno hajakubali.

Huko ndiko ulikompata huyo mtu, au alikupata. Simjui na sitamtukana. Watu wa kazi yake wako kila mahali penye vijana wanaotaka kuondoka. Lakini anachokuuzia nakijua, na wajibu wangu ni kukueleza kama nilivyokueleza hesabu.

Karatasi ya kifo haikai ndani ya bahasha moja. Ikishaandikwa kwenye kitabu cha eta sivili, ni kweli kwa yeyote atakayeifungua. Siku mtu atakapolitaka shamba la Wamaza atasema mwenye shamba alishakufa, na ataonyesha. Mke aliyenaye yaya sasa ataitwa mjane. Yaya mwenyewe akienda kuomba karatasi yoyote ataambiwa aliyeomba ni marehemu. Huko ubalozini bado wana dosie yako ya kwanza, ambamo miezi michache iliyopita mtu huyu alikuwa mzima na ulisema hujui vizuri anakoishi. Wataziweka karatasi mbili pamoja. Mtu aliyekosa kueleza vizuri anaruhusiwa kurudi akaeleze. Aliyeleta karatasi ya uongo anafungiwa mlango kwa muda mrefu, na jina lake linabaki na doa hata kwa nchi nyingine. Nimemwona mmoja. Sasa hivi anauza sabuni hapa sokoni, na ukimgusia habari za masomo anakuuliza unataka miche mingapi.

Hayo ni mambo ya akili. Kuna lingine, na hili nimelibeba tangu juzi bila kujua niliweke wapi.

Nilikwenda Wamaza. Sikutaka jambo lisemwe juu ya yaya bila yeye kulisikia. Nilimkuta kwenye uwanja wake wa kuanikia mpunga, akiugeuza kwa mguu kama tulivyofundishwa na mama yetu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Riziki alishapanda ndege?" Nikamwambia bado. Nikamweleza yote, pamoja na neno la Lusangi, kwa kuwa siwezi kumwambia nusu mtu aliyenifundisha kuogelea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. "Kama jina yangu inamuzuia mutoto, itoeni. Andikeni nilikufa. Mimi nitaendelea kulima. Nitakuwa marehemu wa kwanza kulipa ushuru wa soko."

Nilicheka naye, kwa sababu ni kaka yangu na mzaha wake umenilea. Akarudi kwenye mpunga wake, akageuza mstari mmoja, akageuza wa pili. Nilidhani tumemaliza. Akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Lakini, mudogo wangu," akasema, "siku atarudi, atanisalimia namna gani?"

Nilivua viatu, nikaanza mstari wa tatu. Tulimaliza kugeuza mpunga pamoja, nikalala kwake, na asubuhi akanifungia karanga zako kwenye kitambaa. Ziko hapa mezani.

Sasa, mwanangu, nikuambie ninavyojisikia, maana sikuwahi kukuzoesha jambo hilo. Nina hofu. Naogopa kwamba wakati barua hii iko njiani mtu yule ameshapata shahidi mwingine. Naogopa pia kwamba utanisikiliza, tutaandika ukweli wote, na bado watakataa, kwa maana ukweli haumlazimishi mtu kukufungulia. Hilo linawezekana, nami sitakudanganya. Nimeona dosie safi ikirudi. Lakini ikirudi hivyo utakuwa umepoteza safari tu, na safari hutafutwa tena.

Na lile jina ulilokataa kuniandika. Nimelitazama sana. Ukiandika kwamba mimi ni ndugu wa baba yako, huchukui kitu kutoka kwangu. Ule usiku wa malaria uliponitapikia shati lililopigwa pasi kwa ajili ya mkaguzi, hakuna karatasi ya kuufuta. Desturi yetu ilikuwa ya kukukinga wewe ulipokuwa mdogo, na ilifanya kazi yake. Leo wewe ni mtu mzima, na kinga yenyewe imeanza kumla yule aliyekuombea. Wazee walioitunga wangekuwa hai, nadhani wangeniruhusu niseme hadharani kile nilichokatazwa kusema. Nami nakisema, katika barua isiyofungwa, ili majirani waliobaki kati ya wale waliosimama penye sahani ile wajue kwamba sikumrudishia yaya uso wake kwa siri. Riziki ni binti wa kaka yangu Selemani, mkulima wa Wamaza. Mimi na mke wangu tulimlea. Tumefurahi.

Hivyo ndivyo utakavyoandika, kwa maneno yako. Chukua ukurasa mmoja wa maelezo, uuweke juu ya karatasi nyingine zote. Eleza kwamba kwetu mtoto hupewa ndugu alelewe, na kwamba anayelelewa hivyo humwita mlezi wake baba mbele ya watu wote. Eleza kwamba katika mahojiano ya kwanza uliona haya kuwatenganisha, ndiyo maana ukajibu vibaya. Usijitetee sana. Kisha waambie habari za makopo ya maziwa. Waambie shamba la chini limefanya nini tangu siku ile, na kwamba mwenye shamba bado analima na bado anauliza. Tutaomba na maneno ya mzee wa kijiji, na yaya ataweka kidole chake. Kazi ya kupanga niachie mimi, hiyo naijua. Kwanza rudi na pasipoti yako. Kama imo mikononi mwa mtu yule, mwambie baba yako mwalimu anaitaka, na kama ana swali aje Kasongo, nitamweleza kwa utulivu.

Mama Asha anasema kitanda chako hakijapewa mtu. Anasema pia kwamba ile ndoo ni yake.

Sitakuamuru mengine. Najua hata njia ya kurudi inaweza kuwa nzito kwako kwa siku kadhaa, na sitakuharakisha. Nakuomba kitu kimoja tu, na hicho hakihitaji karatasi. Simu ya yaya hushika mtandao asubuhi akiwa uwanjani kwa mpunga wake. Usimweleze lolote, usimwombe radhi, usimtaje mtu wa Lusangi. Kukicha tu washa simu yako, mpigie baba yako, msalimie, kisha unyamaze umsikilize akiitika.

Mungu akulinde huko uliko.

Ndugu mdogo wa baba yako,
Kasongo